Aliyekimbilia moto asiachwe peke yake na ugonjwa

Tarehe 11 Juni 2019, polisi mumoja wa zamani wa New York aliketi mbele ya wabunge wa Marekani. Jina lake ni Luis Alvarez. Alikuwa amekonda sana, na kesho yake alipaswa kuanza duru ya 69 ya dawa kali za kansere. Aliwaambia wabunge kwamba hakuja kujiombea, sababu yeye alikuwa amekwisha kupata haki yake. Alikuja kwa ajili ya wenzake wenye kuugua, wakati mufuko wa kuwasaidia ulikuwa unaelekea kukauka. Nyuma ya siku 18 alikufa. Alikuwa na miaka 53.

Mwezi mumoja nyuma ya kifo chake, tarehe 29 Julai 2019, Raisi Donald Trump alitia mukono sheria yenye kubeba majina matatu: la Alvarez, la polisi James Zadroga na la muzima-moto Ray Pfeifer. Wote watatu walikufa kwa magonjwa waliyoyapata sababu ya kazi ileile. Sheria hiyo inaacha mufuko wa malipo wazi mpaka mwaka 2090, kusudi hata kijana aliyefanya kazi kule akiwa na miaka 20 asikute mulango umefungwa siku atakapozeeka.

Musikilizaji wa Goma, Beni, Bukavu ao Bunia anaweza kuuliza: habari hiyo inatuhusu nini sisi wenye kulala chini ya hema, sisi ambao hata kidonge cha malaria tunakitafuta kwa shida? Inamuhusu sana. Katika kila hatari iliyopita huku mashariki, kuna watu waliokimbia kuielekea wakati wengine walikuwa wanaikimbia. Wale watu bado wako katika mitaa yetu na katika kambi zetu. Wengine wanakohoa. Wengine walikwisha kuzikwa, na hakuna mutu aliyeandika kwamba ni kazi iliyowaua.

Vumbi lililoambiwa ni salama

Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001, ndege mbili zilipigishwa kwenye majengo mawili marefu ya New York. Majengo yote mawili yalianguka. Wazima-moto 343 wa muji huo walikufa siku hiyo moja. Waliobaki hawakurudi nyumbani. Walitafuta watu wazima, kisha wakatafuta maiti, kisha wakaondoa vyuma na mawe. Moto chini ya ule mulima wa takataka uliendelea mpaka mwezi wa Desemba. Kazi yote ilimalizika mwisho wa Mei 2002.

Muda huo wote watu walikuwa wanapumua vumbi. Ndani yake mulikuwa saruji iliyosagika, vipande vidogo vya kioo, amianti, madini ya risasi, na moshi wa mafuta na plastiki. Nyuma ya siku saba tu, tarehe 18 Septemba, mukubwa wa shirika la serikali lenye kulinda mazingira, Bibi Christine Todd Whitman, alitangaza kwamba hewa ni salama kwa kupumua. Watu waliamini. Wengi walifanya kazi bila kufunika pua ipasavyo. Mwaka 2003, mukaguzi wa shirika lilelile aliandika kwamba wakati tangazo hilo lilipotolewa, shirika halikuwa na vipimo vya kutosha vya kusema vile.

Kisha ugonjwa ukafuata, pole pole. Kwanza kikohozi ambacho hakiishi. Kisha pumzi fupi. Kisha, miaka mingi mbele, kansere za damu, za tezi, za mapafu, za kibofu. James Zadroga alikufa Januari 2006 akiwa na miaka 34 tu. Kufikia Septemba 2023, hesabu ya wazima-moto wa New York waliokufa kwa magonjwa ya lile vumbi ilifika 343, sawasawa na wale waliokufa siku ya kwanza. Tangu hapo imepita hesabu hiyo.

Hapo ndipo fundisho la kwanza linapatikana. Hatari yenye kuonekana inaua kwa saa moja. Hatari yenye kupumuliwa inaua kwa miaka 20. Serikali yenye kuhesabu maiti za siku ya kwanza peke yake haijahesabu bado.

Sheria ilikuja, lakini kansere iliachwa inje

Watu wengi wanafikiri Marekani, sababu ni inchi tajiri, ilifungua mukono mara moja. Sivyo. Sheria ya kwanza yenye jina la Zadroga ilitiwa mukono na Raisi Barack Obama tarehe 2 Januari 2011, miaka tisa na zaidi nyuma ya tukio. Tena, orodha ya magonjwa ya mwanzo haikuwa na kansere. Julai 2011 wakubwa wa programu walisema ushahidi hautoshi. Mugonjwa mwenye pumu aliweza kutunzwa kupitia ile sheria, lakini mwenye kansere aliambiwa angojee.

Nini ilibadilisha mambo? Ni maandishi. Muji wa New York ulikuwa na desturi ya kupima afya ya wazima-moto wake mbele ya lile tukio na nyuma yake. Mwaka 2011, jarida la wanganga The Lancet lilichapisha utafiti juu ya wazima-moto wanaume 9 853. Ulionyesha kwamba wale waliofika kwenye vumbi walikuwa na kansere zaidi kwa karibu asilimia 19 kuliko wenzao ambao hawakufika. Mwaka 2012, aina karibu 50 za kansere ziliingizwa katika orodha.

Kama wale wazima-moto hawangekuwa na dosie za afya za zamani, nani angewaamini? Wangeambiwa: ulivuta sigara, babu yako alikuwa na ugonjwa, ni mapenzi ya Mungu. Karatasi iliyoandikwa siku ya afya ndiyo iliyomutetea mutu siku ya ugonjwa.

Nani anapaswa kuleta ushahidi?

Hili ndilo jambo kubwa kupita yote, na wakaaji wanapaswa kulielewa muzuri. Kansere haiji na barua yenye kusema imetoka wapi. Munganga hawezi kufungua pafu la mutu na kuonyesha kwa kidole: hii imetoka katika moshi wa siku fulani. Basi kama sheria inamuambia mugonjwa alete ushahidi wa namna hiyo, sheria imekwisha kumunyima haki, hata ikiwa na maneno mazuri.

Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani na ya Kanada yaligeuza muzigo. Sheria zao zinasema hivi: kama mutu alifanya kazi ya kuzima moto muda uliotajwa, na akapata moja ya kansere zilizoandikwa katika orodha, itahesabiwa kwamba kazi ndiyo iliyomuletea. Mwajiri mwenye kukataa ndiye atakayeleta ushahidi. Desemba 2022, Bunge la Marekani lilipitisha utaratibu huo kwa wazima-moto wa serikali kuu pia.

Mwaka huohuo wa 2022, shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, tawi la OMS lenye makao Lyon katika Ufaransa, liliweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la mambo yenye kuleta kansere kwa binadamu. Ni kundi lenye tumbaku na amianti. Zamani muzima-moto mwenye koti jeusi kwa masizi alionekana ni shujaa. Leo anafundishwa kuivua na kuifua mbele ya kuingia nyumbani, sababu masizi yale yanapita kwenye ngozi, na yanafika mpaka kwa muke na watoto.

Kuna wale watakaosema kwamba kugeuza muzigo ni kufungulia waongo mulango. Lakini programu ya New York haikuacha mulango bila mulinzi. Kwa mufano, mutu wa kutoa musaada anapaswa kuonyesha kwamba alifanya kazi mahali pale angalau saa 4 katika siku nne za kwanza, ao saa 24 katika mwezi ule wa Septemba, ao saa 80 mpaka mwisho wa Julai 2002. Kwa kansere nyingi za uvimbe, ugonjwa wenye kuonekana mbele ya miaka minne kuisha hauhesabiwi. Hayo ni masharti. Tofauti ni kwamba ni masharti ambayo mutu wa kawaida anaweza kuyatimiza: nilikuwa hapa, siku hii, na hawa ndio wenzangu.

Tena kuna jambo moja ambalo familia zilizohama makwao zitalisikia kwa masikio mawili. Katika New York, nyuma ya wazima-moto na polisi, kulikuwa wafanyakazi wa kusafisha maofisi na nyumba zilizojaa vumbi. Wengi wao walikuwa wageni, na wengine hawakuwa na karatasi za kukaa katika inchi. Programu ya afya haiulizi karatasi hizo. Aliyekosa barua ya kazi anaweza kusimamiwa na ushuhuda wa mutu aliyefanya naye kazi, ulioandikwa kwa kiapo. Mwenye kupoteza vitambulisho vyake katika kukimbia asiambiwe kwamba kwa hiyo hakuwahi kufanya kazi.

Mufuko bila feza ni ahadi ya muchana

Jambo lingine la kuangalia ni feza. Sheria ile ya Marekani inaruhusu mpaka dola 250 000 kwa maumivu ya mutu mwenye kansere, mbali na mushahara alioupoteza. Tangu 2011, mufuko umelipa zaidi ya dola miliardi 12. Lakini Februari 2019 wasimamizi walitangaza kwamba feza zinaisha. Dosie zilizokuwa zinangojea zilikatwa nusu, na dosie mpya zilikatwa asilimia 70. Wagonjwa wawili wenye kansere moja, waliosimama kwenye vumbi moja, mumoja alipewa yote na mwingine alipewa sehemu kidogo, sababu tu mumoja aliugua mapema.

Ndiyo maana Alvarez alipanda gari akiwa mugonjwa vile. Mara kwa mara, kwa miaka karibu kumi, watu wenye mashini za pumzi na wenye viti vya magurudumu walilazimika kwenda kubisha kwenye milango ya wabunge. Sheria iliyoandikwa kwa miaka mitano mitano inamugeuza mugonjwa kuwa muombaji. Kama Kongo itatunga sheria siku moja, isitunge ya namna hiyo.

Kisiwa kimoja, watu wawili

Kuna kiungo kimoja kati ya New York na Kongo ambacho wachache wanakijua. Vifusi vya yale majengo vilipelekwa kwenye kisiwa chenye kuitwa Staten Island, na huko polisi walivichambua kwa mikono wakitafuta mabaki ya watu. Lakini kisiwa hicho kilipokea muzigo mwingine mwenye sumu miaka 60 mbele. Mwaka 1940, zaidi ya tani 1 200 za madini ya uranium kutoka Shinkolobwe, katika Katanga, zilihifadhiwa pale. Uranium ya Shinkolobwe ilitumiwa kutengeneza bomu la Hiroshima.

Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kulipa watu waliopata kansere sababu ya uranium na majaribio ya mabomu. Muchimba-uranium wa Marekani aliweza kupata dola 100 000. Mwaka 2025 sheria hiyo ilirudishwa na kupanuliwa, na sasa inafika mpaka kwa wakaaji wa sehemu za Missouri, kando ya Saint Louis, ambako takataka za mitambo iliyosafisha uranium zilitupwa. Na katika ile mitambo, madini ya Kongo yalikuwa mengi.

Ni vizuri wakaaji wale walipwe. Walipumua wasichokijua. Lakini Mukongomani aliyechimba madini yaleyale kwenye shimo, aliyeyachagua kwa mikono bila kinga, hayumo katika sheria ile, na hayumo katika sheria ya Ubelgiji, na hayumo katika sheria ya Kongo. Mutoto wake hana karatasi ya kuonyesha. Kampuni iliandika hesabu ya tani. Pumzi ya muchimba haikuandikwa.

Basi fundisho ni hili: sheria, hata iwe nzuri namna gani, inamuona aliyeandikwa tu. Asiyeandikwa anasahauliwa, na anasahauliwa mara mbili, kwanza na wageni, kisha na wakwao.

Waliokimbilia hatari huku kwetu

Tangu tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, Ebola ilipiga Kivu ya Kaskazini na Ituri. Watu 3 470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 2 287 walikufa. Wafanyakazi wa afya zaidi ya 150 waliambukizwa. Katika Beni, Butembo, Mangina na Mabalako, vijana walibeba maiti ambazo hata ndugu waliogopa kuzigusa. Walipigwa mawe, waliitwa wauaji, na jioni walirudi kulala katika kartie ileile iliyowatukana. Siku kwa siku walipulizia klorini, na waliipumua. Nyuma ya riposti kufungwa, magari yalirudi Kinshasa na Geneva. Vijana walibaki na fulana yenye alama ya shirika.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika, na moto wa mulima ulifika karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Wakati watu walikuwa wanakimbilia Sake na Gisenyi, kuna waliobaki wakitafuta watoto waliopotea katika moshi na majivu. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya muji, watu wa kujitolea wa Musalaba Mwekundu waliokota maiti katika barabara na kuzizika. Na kila mwaka katika Bukavu na Goma, nyumba za mbao zinapowaka, wa kwanza kufika ni majirani wenye beseni na ndoo, mbele ya gari lolote la kuzima moto. Kinachoungua si mbao tu. Ni magodoro, ni plastiki, ni mabati yenye rangi, ni mafuta. Katika kambi, hema yenyewe ni plastiki.

Hakuna mwenye haki ya kusema leo kwamba hawa wote watapata kansere. Kusema vile kungekuwa kuwatisha watu bure. Lakini hakuna pia mwenye haki ya kusema hawatapata, sababu hakuna aliyewapima, na hakuna aliyeandika majina yao kwa ajili ya kesho.

Sheria ya Kongo si karatasi tupu. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inajua magonjwa ya kazi, na CNSS ina tawi la kulipa hatari za kazi. Lakini sheria hiyo imejengwa juu ya mutu mwenye mwajiri, na mwajiri mwenye kulipa michango kila mwezi. Kijana wa kujitolea hana mwajiri. Ana mukubwa wa timu, ana namba ya simu, na ana feza kidogo ya siku anayopewa mukononi. Siku muradi unafungwa, mwajiri anapotea kama moshi. Nani atajaza dosie yake CNSS?

Wenye kusema bado si wakati

Kuna sauti tatu zenye kupinga jambo hili, na kila moja inastahili jibu.

Wa kwanza wanasema: inchi iko katika vita, watu wanakufa kwa njaa leo, na ninyi mnaleta maneno ya kansere ya miaka 20 mbele. Ni kweli kwamba njaa ya leo haingojei. Lakini kuandika jina la mutu katika daftari hakuhitaji vita viishe. Tena ni wakati wa vita ndipo watu wa kujitolea wanahitajiwa zaidi. Mama mwenye kuona mutoto wake amerudi kutoka Ebola bila chochote, hatamuruhusu mutoto wa pili aende siku ugonjwa mwingine utakapokuja. Kumutunza mwokozi wa jana ni namna ya kumupata mwokozi wa kesho.

Wa pili wanasema: serikali haina feza. Hilo pia ni kweli kwa sehemu. Lakini feza za dharura zinapita huku kila mwaka. Zinalipa magari, zinakodi nyumba, zinalipa hoteli na semina. Sehemu kidogo ya kila bajeti ya dharura, ikiwekwa kando kwa jina la kila mutu wa kujitolea, ingekuwa mwanzo. Shirika lenye kuweza kununua mafuta ya gari kumi linaweza kulipa muchango wa mutu mwenye kushuka ndani ya lile gari.

Wa tatu wanasema: Wakongomani watadanganya, kila mutu atasema alikuwepo. Waongo watakuwepo, kama walivyokuwepo Marekani. Lakini dawa ya uongo ni daftari lenye kuandikwa siku ileile ya kazi, mbele ya wenzake, likiwa na saa na mahali. Pasipo daftari ndipo uongo unapata nafasi, na ndipo mukweli pia anaitwa muongo.

Kinachowezekana kuanza sasa

Wabunge wa majimbo ya mashariki, na wale wa Kinshasa, wana mambo manne ya kufanya ambayo hayangojei muujiza.

La kwanza, daftari la watu wote wenye kuingia katika hatari kwa ajili ya wengine, wawe na mushahara ao wawe wa kujitolea. Daftari hilo likae mahali zaidi ya pamoja, sababu ofisi za huku zinaungua na kuporwa.

La pili, kipimo cha afya mbele ya kazi na nyuma yake. Hata kama ni kidogo: uzito, pumzi, damu, na picha ya mapafu pale inapowezekana. New York ilishinda mabishano kwa sababu ya vipimo hivyo.

La tatu, orodha ya magonjwa ndani ya sheria, na maneno wazi kwamba aliyeandikwa katika daftari akipata ugonjwa wa orodha, kazi ndiyo inayohesabiwa. Muzigo wa kukataa ubebwe na mwenye nguvu, si na mugonjwa.

La ine, kila shirika lenye kutumia watu wa kujitolea lilazimishwe kulipa muchango kwa majina yao mbele ya kupewa ruhusa ya kufungua muradi.

Na mbele sheria hiyo haijafika, familia zenyewe zina kazi. Mwenye kutoka kwenda kuzika, kuzima moto, kubeba wagonjwa ao kusafisha, aandike katika daftari lake la shule: tarehe, mahali, kazi gani, saa ngapi, mukubwa wa timu ni nani, na wenzake wawili ni nani. Atunze kadi yake, hata ikiwa imekwisha muda. Atunze karatasi za dispanseri, kila moja. Nakala apewe ndugu mwenye kukaa mahali pengine, ao ipigwe picha na kutumwa kwa simu yake. Wenzake waandikiane ushuhuda na kutia mikono wakati bado wako pamoja, kwani kuhama kunawatawanya, mumoja anaenda Minova, mwingine Uvira, mwingine ngʼambo ya mupaka. Karatasi ile inaweza kulala miaka 15 bila faida. Siku moja inaweza kuwa kitu cha pekee chenye kumutenganisha mujane na mulango uliofungwa.

Walezi wa kambi, mashefu wa kartie, mapadri, wachungaji na maimamu wanaweza kusaidia hapo. Wanajua nani alikwenda na nani alibaki. Wanaweza kuweka daftari kando ya lile la ubatizo ao la wageni.

Luis Alvarez alikuwa na inchi tajiri nyuma yake, na bado alilazimika kutumia nguvu zake za mwisho kuwakumbusha wakubwa jambo ambalo walipaswa kulijua bila kuambiwa. Katika Beni kuna muuguzi, na katika Goma kuna kijana wa Musalaba Mwekundu, ambaye hatapewa kiti mbele ya Bunge lolote. Siku munganga atamuambia jina la ugonjwa wake, ataulizwa swali moja: uko na ushahidi gani? Jibu la swali hilo linaandikwa leo, ao haliandikwi hata kidogo.